Mlango Unaojibu

Milango ya siku hizi huwajibu wageni kwa sauti ya mwenye nyumba, lakini haifunguki mpaka aseme mwenyewe. Wangu ulijifunza sauti yangu kabla sijaugua.

Dawa iliua saratani ya pafu, na uvimbe ulipokufa ukaacha tundu kwenye njia ya hewa. Daktari alisema hutokea kwa wachache sana. Nikawa mmoja wao. Sasa napumulia bomba shingoni, sauti haitoki. Wenye kampuni ya milango wanataka niwapigie simu nijieleze. Muuguzi ana ufunguo, huja Ijumaa.

Jana alikuja Mbaruku, tuliyechomelea naye mageti miaka mingi.

“Hodi! Mzee wa cheche, u mzima?”

“Mzima kabisa, ndugu yangu,” mlango ukajibu.

“Alhamdulillahi! Wanasema huwezi hata kuongea. Watu waongo!”

Nikagonga sufuria kwa mwiko kwa nguvu zangu zote.

“Kelele gani hizo?”

“Napika,” mlango ukasema.

Akacheka. “Basi usiunguze. Nitapita siku nyingine.”

Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi, nami bado nagonga sufuria tupu.