Kengele Iko Kipindini

Kila mara Mwalimu Makrina alipowaleta pamoja walimu wa fizikia na historia wafundishe kidato cha tatu somo moja, kengele iliwatawanya kabla halijakolea. Asubuhi hiyo akapanda juu ya dawati chini ya mwarobaini, akaishusha kengele yenyewe, rimu kuukuu ya lori, akaibiringisha hadi darasani.

Wanafunzi wakaizunguka. Mmoja aliigonga kwa rula, akaishika kuhisi mtetemo. Mwingine akauliza lori la rimu hiyo lilibeba nini, na akina nani walilisukuma lilipokwama. Walimu wote wawili wakajibu kwa pamoja, wakacheka.

Mkuu wa shule akatokea mlangoni, nondo ya kugongea mkononi.

"Mwalimu Makrina, muda umepita. Kengele iko wapi?"

"Iko kipindini, Mkuu."

"Irudishe sasa hivi!"

"Wakimaliza."

Akamgeuzia mgongo, akampa chaki binti aliyenyoosha mkono.

Mkuu akaenda kusimama chini ya waya mtupu uliobaki ukining'inia mwarobaini, nondo ameiinua. Kisha kutoka kidato cha tatu rimu ikalia, kwa nguvu, shule nzima ikaisikia. Hakuna mwanafunzi wa darasa lile aliyetoka.