Mstari wa Pili

"Mwimbie, baba," alisema Salha, muuguzi wa mazoezi, huku amemshika Bi Mwanahawa kiunoni katikati ya ua. "Mguu huu ukiuamrisha haunyanyuki. Ukisikia wimbo, unafuata wenyewe. Mwimbie anaoupenda."

Mbwana alisimama mbele ya mkewe, hajui mikono aiweke wapi. Kiharusi kilikuwa kimemfunga Bi Mwanahawa ulimi na mguu wa kulia, lakini macho yake yalikuwa yale yale, na yalikuwa yanamtazama.

Akakohoa, akaanza. "Kanga yangu ya harusi, ni nani kaianika..."

Mguu ukanyanyuka, ukakanyaga mbele. Salha akacheka kwa furaha. "Haya, endelea!"

Mbwana hakuujua mstari uliofuata. Akajaribu wimbo mwingine, kisha mwingine. Zote alijua mstari wa kwanza tu. Kila jioni mkewe alipoketi kwenye mbuzi kukuna nazi alianza kuimba, na kila jioni yeye, kutoka barazani, aliongeza sauti ya redio na kusema, "Mama Rukia, hebu nyamaza, nasikiliza habari."

Habari zenyewe hakumbuki hata moja.

"Usinyamaze, baba," Salha alimwambia. "Atapoteza mwendo."

Akarudia mstari ule ule. Mguu ukanyanyuka tena. Safari hii haukukanyaga. Ulibaki hewani, ukitetemeka, ukisubiri mstari wa pili.