Kipimo Kimeshuka

"Kichocheo cha mimba kwenye damu yako kimeshuka tangu juzi," daktari wa zahanati mpya ya binafsi alisema kwa upole.

Anyesi alibonyeza pamba mkononi, palipochomwa sindano. Juzi aliambiwa kwamba mimba changa ikiwa hai, kichocheo hupanda. Mimba zake mbili za kwanza zilikuwa zimeshatoka.

Mama mkwe, aliyekuja naye kutoka Bahi, akapiga kigelegele. Kwake yeye, kipimo kikishuka ni homa imeondoka.

"Si nilikwambia, mwanangu? Kimeshuka! Leo nakuchinjia jogoo."

Daktari akafungua kinywa. Anyesi akamtikisia kichwa.

"Ndiyo, mama," alisema, akizidi kuikandamiza pamba ingawa damu ilishakauka. "Ila twende polepole. Nimechoka."