Mguu Ulio Ukutani

Flavia aliutambua mguu kabla hajaitambua picha.

Ulikuwa mguu wa kulia wa mama yake, umekanyaga ukingo wa shimo la ngolo, yale mashimo ya shambani mlimani yanayoshika maji na udongo, na kidole cha mwisho hakipo. Kilikatwa na jembe zamani. Picha aliipiga Flavia mwenyewe, akaiweka kwenye blogu yake ya wakulima. Sasa ilikuwa imetandazwa ukutani, katika ukumbi wa mikutano pale Mbinga. Uso wa mama walikuwa wameukata. Walibakiza miguu na mashimo.

"Teknolojia hii mpya ya kuzuia udongo usibebwe na mvua," alisema afisa mgeni, "imebuniwa na wataalamu wetu, kwa fedha za mfuko wa ubunifu."

Mpya. Ngolo hizo bibi yake alizikuta, na bibi wa bibi yake alizikuta. Wamatengo wote mle ndani walilijua hilo, wakainamisha macho na kupiga makofi.

"Dada yetu wa blogu," afisa aliendelea, "habari hii uiweke leo leo, wananchi wajifunze."

Flavia alisimama.

"Nitaiweka, mheshimiwa. Ila kwanza nikuletee mtaalamu wako."

Akamshika mkono mama yake, aliyekuwa ameketi kando yake, wakapita katikati ya viti hadi mbele. Makofi yalikatika.

"Shikamoo, mama," alisema afisa.

Mama aliinama chini ya picha ile, akaanza kuvua kiatu cha kulia.