Halua ya Ghorofa ya Sita

Ahmadi aliificha sahani ya halua chini ya mataulo, akasukuma toroli hadi mlango wa mwisho wa ghorofa ya sita.

"Rudi," Doris, mwenzake wa usafi, alimwambia. "Huyo mzee hata kikapu cha matunda cha meneja amekirudisha."

"Hicho ni cha hoteli. Hii ni ya kwetu Unguja."

Mzee alikuwa jaji kutoka Marekani, yuko mapumzikoni hapo hotelini kwao, mtaa wa Al Rigga. Ahmadi aliitambua sura yake siku alipofika. Dada yake Ahmadi, Masuda, raia wa huko kwa miaka tisa, alifutwa kwenye daftari la wapiga kura pamoja na maelfu ya raia waliozaliwa nje. Wakaenda mahakamani. Kesi ilipoanza alimtumia Ahmadi picha: "Jaji wetu ndiye huyu. Muombeeni."

Jaji alifungua mwenyewe. Aliinusa halua, akatabasamu, akauliza kama ndani mna iliki. Ndipo Ahmadi akayamwaga yote kwa pumzi moja: dada, daftari, uchaguzi wa Novemba.

"Haombi upendeleo, sir. Anataka kura yake tu."

Tabasamu likaondoka. Jaji akairudisha sahani kwenye toroli taratibu, kama kitu kinachounguza.

"Dada yako anaitwa nani?"

Ahmadi akamtajia.

"Laiti usingeniambia," alisema jaji, akafunga mlango.

Ndani ya lifti Ahmadi alimgeukia Doris. "Ameshanunuliwa huyu. Kwetu, mtu akiikataa halua yako amekukataa mwenyewe."

"Buda, labda ana sukari."

Hakucheka. Adhuhuri ile alikaa kwenye mswala muda mrefu kuliko kawaida yake, akamwomba Mungu amwondoe mtu yule kwenye kesi ya dada yake.

Wiki iliyofuata Masuda alipiga simu.

"Jaji amejitoa kwenye kesi."

"Alhamdulillahi," Ahmadi alisema, na kicheko kikamtoka. "Hiyo dua yangu, Da Masuda. Nimeiomba mwenyewe."



"Dua gani, Ahmadi? Yule ndiye aliyeamuru turudishwe kwenye daftari hadi hukumu. Sikumwambia mtu, nikichelea kijicho. Sasa kesi inakwenda kwa jaji yule aliyewafuta wenzetu wa jimbo la pili." Alivuta pumzi. "Jaji kaeleza sababu bila kutaja jina, na wakili anatuuliza mmoja mmoja: ni ndugu ya nani aliyempelekea jaji halua?"