Leo Wewe Pumzika

Kwenye sherehe ya kuwaenzi wanawake watunzi, Bi Zuwena alivishwa koja la asumini, akakalishwa kiti cha mbele.

"Leo wewe pumzika, mama," Shaibu, kiongozi wa kikundi cha taarabu, alimwambia, kisha akaipakata kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ambayo Bi Zuwena alishinda asubuhi nzima akizikaza nyuzi zake.

Akauparamia wimbo aliotunga Bi Zuwena kama mtu anayefukuzwa. Kupumzika! Bi Zuwena akawaza. Nani kamwambia amechoka?

Kwenye ubeti wa pili nyuzi zikalegea. Shaibu akapapasa huku na huku.

"Bi Zuwena, ufunguo wa kukazia unao?"

"Ninao."

"Nirushie basi."

Bi Zuwena akapanda jukwaani, akalivua koja, akamvisha Shaibu.

"Pumzika wewe, baba."

Shaibu akabaki na maua shingoni, kanuni bado kaipakata, akiitazama ngumi ya Bi Zuwena iliyoufumbata ufunguo.