Shanga Chini ya Maji

Kwa mara ya nne, Mzee Shomari aliwakuta samaki wake wadogo wakidonoa mayai yao wenyewe. Walikuwa kumi na wawili, wakienda pamoja na kugeuka pamoja ndani ya tangi la kioo pale sebuleni.

"Nitawagawa," alisema kwa unyonge. "Wanazeeka, na hawataacha hata mtoto mmoja."

Mkewe, Bi Mwanahawa, alikuwa amenung'unika mwaka mzima kwamba tangi lile limechukua mahali pa kabati lake la vyombo. Leo aliingia chumbani, akafungua sanduku, akarudi amefumba mkono.

"Yai likipata pa kujificha, nani atalidonoa?" Akamimina majini shanga nene za kioo, nyekundu na buluu.

Mzee alizitambua. Zilikuwa zikilia kiunoni mwa mkewe tangu walipooana.

"Mama Rehema! Shanga zako?"

"Nyamaza, baba. Kiuno chenyewe kilishazikataa."

Samaki walipotaga tena, mayai yalizama katikati ya shanga, na Bi Mwanahawa mwenyewe akawahamishia wazazi kwenye ndoo.

Siku ya sita Mzee aliita kwa sauti iliyomfanya mkewe aache chapati motoni. Juu ya shanga walielea watoto wa samaki, wembamba kama kope. Wazee wawili walijaribu kuwahesabu, wakapotea, wakacheka, wakaanza upya, mashavu yao yakigusana kwenye kioo. Chapati ilinuka kuungua. Ndani ya maji, samaki mmoja mdogo aligeuka, na jirani yake akageuka naye.